Je, Wajua? Safari Rally Juu ya Meza

Je, wajua kwamba gari likipunguzwa mara 24, uzito wake haupungui mara 24? Urefu unapungua mara 24, upana mara 24, na kimo mara 24. Zidisha zote tatu upate 13,824. Datsun 240Z ilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja. Modeli yake ya skeli ya 1/24, kama ingetii hesabu bila kupinda, ingekuwa na gramu 75 hivi, sawa na kipande kidogo cha sabuni ya kuogea. Mwendo nao una hesabu yake: gari halisi likikimbia kilomita 120 kwa saa, dogo lake linatakiwa liende kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Datsun 240Z hatukuitaja kwa bahati. Ndiyo iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, bodi nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Nyuma yao alimaliza Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiwa ndani ya 240Z nyingine. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imelitolea gari hilo la ushindi seti ya plastiki ya 1/24. Ukimaliza kuiunganisha unakuwa na Datsun yenye urefu wa sentimita 17.

Je, wajua kwamba Herrmann alikuwa ameshinda Safari mwaka mmoja kabla, 1970, kwa Datsun 1600 SSS? Na kwamba mwaka 1973 Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawasawa za adhabu, wote kwenye Datsun? Ushindi alipewa Mehta, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Turudi mezani.

Je, wajua kwamba modeli hizi hutengenezwa kwa polistirini, plastiki ile ile ambayo ikijazwa hewa inakuwa povu gumu jeupe linaloizunguka televisheni mpya ndani ya boksi? Ikikaribia nyuzi joto 100 inalainika. Seti iliyosahauliwa kwenye gari lililofungwa vioo, adhuhuri, inaweza kutoka na bampa lililopinda. Dawa yake ni joto hilo hilo: maji ya moto kwenye bakuli, kipande kinatumbukizwa, kinanyooshwa taratibu kwa vidole, kisha kinapelekwa kwenye maji baridi.

Gundi ya modeli haishiki kama gundi ya mbao. Inayeyusha. Unakutanisha vipande viwili vikavu, unagusisha ncha ya brashi kwenye ufa, na kimiminika kinajivuta chenyewe ndani ya ufa huo hadi mwisho. Plastiki ya pande zote mbili inalainika, inachanganyika, kisha kiyeyushi kinapaa hewani na kuacha kipande kimoja. Ukija kukivunja baadaye, mara nyingi kinavunjikia pembeni, si pale kilipounganishwa. Kuna gundi za aina hiyo ambazo kiyeyushi chake ni limonini, mafuta yapatikanayo kwenye maganda ya machungwa, na chumba kizima kinanukia tunda.

Na asetoni ile ya kuondolea rangi ya kucha? Nayo inayeyusha polistirini, tena bila adabu. Iweke mbali na meza.

Je, wajua kwamba vipande vya seti huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kabla ya kazi yoyote? Kiwandani, plastiki iliyoyeyuka husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu la chuma, na mara nyingine kalibu hupakwa mafuta ili vipande vitoke kwa urahisi. Mafuta hayo yakibaki, rangi haishiki. Mafundi wa gereji wanaopiga rangi magari halisi wanalijua jambo hili kuliko sisi wote.

Kwa kweli msamiati wote wa gereji unahamia mezani: puti, msasa, praima, tina, klia. Mistari iliyoachwa na kalibu juu ya madigadi husuguliwa kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000. Mashimo hujazwa puti. Bodi hupigwa praima, unaikagua kwa mwanga wa pembeni, unaona kosa, unarudi kwenye puti. Fundi bodi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, akikaa mezani leo, kitakachomshinda ni ukubwa wa vidole vyake tu.

Je, wajua kwamba rangi haikubali kupunguzwa? Hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibika. Rangi yote ya kiwandani kwenye gari halisi, tabaka zote pamoja, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipuliza unene huo huo kwenye modeli ya 1/24, ni sawa na kulipaka gari halisi rangi yenye unene wa milimita 2.4. Mistari ya milango inazibika, herufi za nembo zinayeyuka, gari linaonekana limechovywa kwenye uji. Ndiyo sababu wajuzi hupuliza mara nyingi, kila mara kidogo sana, na hufukua upya mistari ya milango kwa ncha kali kabla ya rangi.

Ukipata unywele mmoja ndani ya rangi mbichi, jua umeona waya wa karibu milimita 2 ukiwa umelala juu ya boneti ya gari halisi. Na ufa wa mlango wenye nusu milimita kwenye modeli? Ni milimita 12 kwenye gari. Hakuna kiwanda kinachoweza kukubali mlango wa namna hiyo, wala dereva asingenyamaza nao.

Rangi nyekundu ina kiburi chake. Ukiipuliza juu ya praima ya kijivu inatoka imefifia. Juu ya nyeupe inawaka. Juu ya waridi inapata kina. Lakini seti ikiwa imetengenezwa kwa plastiki nyekundu na wewe unataka gari jeupe, jihadhari: rangi iliyomo ndani ya plastiki inaweza kupenya nyeupe yako na kuigeuza ya waridi, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, wewe ukidhani umeshamaliza. Wengi huziba kwanza kwa tabaka la rangi ya fedha.

Wakazi wa Mombasa, Tanga na Dar, hili ni lenu. Je, wajua kwa nini rangi ya kupuliza inapata ukungu mweupe siku ya unyevu? Tina inapopaa inachukua joto la uso wa bodi. Uso unapoa kuliko hewa, mvuke uliomo hewani unageuka matone madogo juu ya rangi ambayo haijakauka, na weupe unabaki humo. Subiri asubuhi kavu, au puliza kwenye chumba chenye kiyoyozi. Na kopo la kupuliza likae kwanza kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, rangi itoke laini. Vuguvugu, si ya kuchemka. Kopo lina gesi.

Bunduki ndogo ya kupulizia rangi, ile yenye kikombe kinachoingia matone machache tu, si chombo cha jana. Mmarekani Abner Peeler, wa jimbo la Iowa, alitengeneza ya kwanza katika miaka ya 1870, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kurekebisha picha za watu studioni.

Dawa ya meno je? Ndiyo, inang'arisha modeli. Ndani yake mna unga laini wa kusugua, kazi yake ya kawaida ikiwa kuondoa uchafu menoni bila kuyachubua. Chukua ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli, pamoja na kitambaa cha pamba na subira. Klia inayofanana na ganda la chungwa inalainika hadi unaona taa ya dari ndani ya mlango.

Je, wajua kwamba kromu ya modeli si kromu? Ni alumini. Bampa na rimu hupakwa vanishi, zinaingizwa kwenye chumba kisicho na hewa, alumini inapashwa joto hadi inakuwa mvuke, na mvuke huo unatanda juu ya plastiki kwa utando mwembamba ajabu. Unang'aa kupita kiasi. Binafsi sijawahi kuona bampa la namna hiyo barabarani. Kuuondoa ni rahisi: lowesha vipande kwenye jiki, ile ile ya kufulia nguo nyeupe, na kwa muda mfupi vinabaki plastiki tupu. Kisha unapaka rangi ya fedha unayoitaka wewe.

Ukiharibu rangi ya bodi nzima, mafuta ya breki huvua rangi nyingi za modeli bila kuidhuru plastiki. Vaa glavu.

Tunaposema 1/24, namba hiyo ilitoka wapi? Ni nusu inchi kwa kila futi moja ya gari halisi. 1/43, skeli ya magari mengi ya chuma ya kuweka kabatini, ilitokana na treni: Meccano ya Uingereza, kampuni ya Frank Hornby, ilikuwa ikitengeneza treni za kuchezea kwa milimita 7 kwa kila futi, na katika miaka ya 1930 ikatoa magari ya kupamba stesheni zake. Magari hayo yakaja kujulikana kama Dinky Toys. Na 1/35 ya vifaru vya kijeshi? Hapo hakuna hesabu ya futi wala inchi. Tamiya ya Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kifaru chake cha Panther kiende kwa mota, kwa hiyo kikachorwa kwa ukubwa wa kutosha kubeba betri. Betri ndizo zilizoamua skeli ambayo dunia nzima inaifuata mpaka leo.

Je, wajua kwamba Tamiya ilianza kama biashara ya mbao? Mwaka 1946, mjini Shizuoka. Moto ukateketeza karakana mwaka 1951, na familia ikageukia modeli za mbao, kisha plastiki. Mkoa wa Shizuoka ndio nyumbani pia kwa Hasegawa, Aoshima na Fujimi, kwa hiyo mkoa mmoja wa Japani unatoa sehemu kubwa ya magari ya plastiki yanayouzwa duniani.

Na kisa cha Porsche hakichoshi kusimuliwa. Katika miaka ya 1970, Shunsaku Tamiya, wa familia hiyo hiyo, alitaka modeli ya 1/12 ya Porsche 934. Picha hazikumtosha, wala vipimo alivyopata kwenye safari zake za Ujerumani. Akanunua Porsche 911 halisi. Watu wake wakalifungua kipande kwa kipande, wakapima na kupiga picha kila kitu. Walipomaliza ikaonekana kufungua ni jambo moja na kufunga ni jingine, ikabidi mafundi wa Porsche waje kulirudisha gari katika hali yake. Modeli ilitoka 1976. Sijui mkurugenzi mwingine ambaye angeipitisha bajeti hiyo kwa ajili ya kitu cha kukaa juu ya kabati, lakini ukiitazama injini ya modeli ile huulizi fedha zilikwenda wapi.

Airfix ya Uingereza haikuanza na ndege. Mwaka 1949 ilitengeneza trekta dogo la Ferguson TE20 kwa ajili ya mawakala wa mauzo wa kampuni ya Ferguson, na baadaye likauzwa kwa umma likiwa vipande vya kuunganisha. Jina Airfix nalo lina hila: mwanzilishi wake, Nicholas Kove, alitaka kampuni ionekane mwanzoni kabisa mwa orodha za biashara.

Upande wa pili wa Atlantiki, AMT ya Michigan, iliyoanza 1948, ilikuwa ikitengeneza magari madogo ya kuwekwa kwenye maduka ya magari. Mteja alionyeshwa Ford ya mwaka huo ikiwa kiganjani, kwa rangi halisi za kiwandani, achague. Watengenezaji wa Detroit waliwapa mafundi wa modeli michoro ya magari ambayo umma haujayaona bado. Mwaka 1958 AMT ikatoa seti ambazo boksi moja lilikuwa na vipande vya kujenga gari kwa namna tatu: lilivyotoka kiwandani, lililorembwa, au la mashindano. Mabaki ya vipande visivyotumika ndiyo yaliyojaza makopo ya wajenzi wa Marekani, na mpaka leo mtu hatupi kitu.

Skeli ya Wamarekani hao ni 1/25. Weka 1/25 kando ya 1/24 kabatini na jicho zuri linatambua. Wengi hatutambui.

Je, wajua kwamba seti nyingi za Kijapani za 1/24 huja bila injini? Boneti imefungwa, chini kuna umbo la sampu na eksosi tu. Za Marekani kwa kawaida zinakuja na injini kamili. Anayetaka kuiona injini ya 240Z kwa plastiki humwendea Tamiya, ambaye ana 240ZG ya 1/12, kubwa mara mbili kwa kila upande. Humo ndimo kazi tamu ilimo.

Injini ya 240Z ni L24: silinda 6 kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Seti inakupa distributa ya plastiki, kofia tupu isiyo na waya. Mjenzi anatoboa matundu saba kwa keke nyembamba ya kuzungushwa kwa vidole: sita kuizunguka, moja katikati. Ya katikati inakwenda kwenye koili. Sita zinakwenda kwenye plagi, na hapa ndipo fundi wa kweli anapomkamata mwongo, kwa sababu waya hazipangwi moja, mbili, tatu. Mpangilio wa kuwasha wa L24 ni 1-5-3-6-2-4. Waya halisi wa plagi una unene wa milimita 7 hivi. Kwa 1/12 unatafuta waya wa milimita 0.6, kwa 1/24 wa 0.3, na ndani ya kebo ya spika za masikioni zilizokufa mna nyuzi za kutosha gari zima. Vipimo vikikubali na mpangilio ukikataa, umejenga injini isiyowaka. Wapo watu watakaohesabu. Mimi ni mmoja wao.

Fremu, ule mti wa plastiki unaobaki baada ya kukata vipande, usiutupe. Shika kipande cha urefu wa kidole juu ya mshumaa, si ndani ya moto, ukizungushe mpaka katikati pang'ae na kulegea. Kitoe. Vuta. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba kama wa buibui. Ukivuta polepole unapata fimbo. Antena ya redio, mpini wa gia, bomba la mafuta ya breki, vyote vimo humo bure.

Kipande kikiruka kutoka kwenye kibano na kupotelea sakafuni, funga soksi nyembamba ya nailoni kwenye mdomo wa mashine ya kunyonyea vumbi, kisha pitisha. Kama mashine haipo, zima taa, weka tochi chini sakafuni ikimulika kwa ubavu. Kivuli cha kipande ni kirefu kuliko kipande.

Je, wajua kwamba supaglu inaweza kuonyesha alama za vidole vyako kwenye kioo cha modeli? Mvuke wake hutua juu ya plastiki na kugeuka weupe, na hupenda zaidi pale kidole kilipoacha jasho na mafuta. Polisi wa upelelezi hutumia mvuke huo huo, kwa makusudi, kuibua alama za vidole kwenye chupa na bastola. Dutu yenyewe iligunduliwa mwaka 1942 katika kampuni ya Kodak, timu ya Harry Coover ikitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki. Waliiacha kwa sababu ilinata kila mahali, wakairudia 1951. Vioo vya modeli, basi, bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani, na ikizidi unaifuta kwa maji.

Stika za seti hizi hulowekwa. Namba 11 inakatwa, inazamishwa kwenye maji kidogo, gamu inalegea, na utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu unateleza kutoka kwenye karatasi hadi mlangoni. Ikigoma kukaa kwenye mkunjo, tone la siki nyeupe hulainisha kiasi. Stika za seti ya zamani zikiwa zimegeuka njano, zibandike kwa tepu kwenye kioo cha dirisha zikitazama jua, ndani ya mfuko wa plastiki. Baada ya siku kadhaa mwanga unazirudishia weupe.

Tairi za vinili za seti za zamani hula rimu. Ni kweli kabisa. Kilainishi kilichomo ndani ya vinili hutoka polepole na kuyeyusha polistirini inayogusana nayo, na mtu anafungua boksi baada ya miaka anakuta tairi limezama kwenye kioo cha mbele.

Na sasa tope. Nimelichelewesha kwa sababu ndilo ninalolipenda.

Je, wajua kwa nini Safari ilikuwa na tope jingi kuliko mashindano mengine? Mashindano hayo, yaliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, kwa miongo mingi yalikimbiwa wakati wa Pasaka. Pasaka ya Afrika Mashariki huangukia masika. Barabara iliyokuwa vumbi Alhamisi ni mto Jumamosi, na mwaka 1963 na tena 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Modeli ya gari la Safari inayong'aa kama ya dukani ni gari ambalo bado halijaondoka Nairobi. Ni haki ya mtu kulijenga hivyo. Mimi naona ni hasara.

Tope si rangi moja. Udongo wa Voi na Tsavo ni mwekundu, ule unaowapaka hata tembo. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonasa magurudumu mpaka gari likae juu ya tumbo lake, hukauka kijivu. Vumbi la barabara ya changarawe ni la kahawia iliyofifia. Gari lililopita kote huko linabeba tabaka, la zamani chini, jipya juu, na tope kavu siku zote huwa jeupe kuliko bichi. Ukipaka rangi moja ya kahawia kila mahali, umepaka chokoleti.

Msomaji wa Voi ana faida ambayo mwenzake wa Shizuoka hana: anaweza kuchota udongo wenyewe. Lakini skeli inadai haki yake hata hapo. Punje ya mchanga ya milimita moja, juu ya modeli ya 1/24, ni kokoto ya milimita 24. Kwa hiyo udongo unakaangwa kwenye kikaango ukauke na vijidudu vife, unatwangwa, unachekechwa kwa soksi ya nailoni, na kinachopita tu ndicho kinachotumika. Wengine husugua chaki laini za rangi kwenye msasa na kupata unga ulio mwembamba zaidi. Changanya na gundi nyeupe na maji, upate uji mzito kwa ajili ya matumbo ya madigadi, mwepesi kwa milango.

Namna ya kuurusha ndiyo siri. Usiupake. Chovya brashi ngumu kwenye uji, ilete karibu na gurudumu, kisha ipulizie hewa tupu kutoka kwenye bunduki ndogo ya rangi, ukielekeza nyuma na juu, kama gurudumu lenyewe linavyorusha. Matone yanatua kwa mwelekeo sahihi: mazito nyuma ya tairi, mepesi kadiri yanavyopanda mlangoni. Tope likitua juu ya paa sawasawa na lilivyo chini ya mlango, gari hilo limepinduka, au mjenzi hakufikiri.

Mahali penye mkono pawe safi. Kitasa cha mlango, ukingo wa boneti, mfuniko wa tangi la mafuta: vidole vya mafundi vimepangusa hapo kila kituo. Vioo vya taa vifutwe pia, maana usiku wa Safari dereva hawezi kuendesha kwa taa zilizozibwa tope. Na kioo cha mbele kinataka mapinde mawili yaliyopanguswa na waipa. Kata tepu ya karatasi kwa umbo la pinde, ibandike kabla ya kupuliza vumbi, kisha ibandue.

Je, wajua kwamba maji hayakubali kabisa kupunguzwa? Tone la mvua la milimita 3 likikaa juu ya boneti ya modeli, kwa skeli ni mpira wa sentimita 7. Kwa hiyo hakuna anayetumia maji. Ubichi wa tope huigizwa kwa vanishi ya kung'aa, inayogusishwa kwa ncha ya brashi pale tu ambapo maji yangetuama.

Gari lenyewe, lile la Herrmann, bado lipo. Limo kwenye hifadhi ya magari ya kale ya Nissan, watengenezaji wa Datsun, huko Zama, Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni walilifufua. Anayetaka kujua bomba fulani linapita wapi ana picha nyingi za kulinganisha.

Jambo moja la mwisho, la vitendo. Vumbi la chaki halipendi vanishi. Ukipuliza klia juu yake linatoweka au linageuka jeusi. Wengi huliacha bila kufunikwa, na hapo kidole kimoja cha mgeni kinatosha kufuta nusu ya Tsavo. Nunua boksi la plastiki angavu siku ile ile unayonunua seti, na mgeni akiomba kulishika gari, mpe boksi.